Ngozi ya Ndama na Watazamaji wa Garsen

Wanangu, ujumbe wenu umenifikia. Nimeusoma mara mbili nikiwa na miwani na mara moja bila miwani, na mara zote tatu nimeelewa jambo lile lile: mnaandika sera ya sanaa pale makao makuu Hola, mmefika kwenye sehemu ya watazamaji, na mmekwama. Mnauliza watu wa Garsen walikuwa wakija vipi kutazama ngoma na maigizo siku zile nilipokuwa afisa wa utamaduni, wakati hatukuwa na ukumbi wala jukwaa, na kipaza sauti chetu kilikuwa kikizimika kila mgeni wa heshima akikishika. Hilo la mwisho, kusema kweli, lilikuwa baraka.

Nitawajibu, maana kazi hii naijua. Sijisifu. Mtu akiikosea kazi moja miaka yote hiyo na bado asiijue, basi ana kichwa kigumu kuliko changu. Ila msitegemee nianzie mwanzo nifike mwisho. Nitaanzia kwenye viti.

Viti viondoeni. Onyesho langu la kwanza Garsen niliazima viti vya kanisa, vya plastiki, nikavipanga mistari iliyonyooka hata seremala angenisifu. Mbele nikaweka makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, nikazungusha kamba, nikatuma barua kwa machifu wote, na saa nikaandika saa nane kamili mchana. Nilikuwa nimetoka mafunzoni na cheti changu bado kinanukia wino. Saa nane ikafika. Jua la Garsen la saa nane mnalijua. Watu walisimama mbali, chini ya vibaraza vya maduka, wakaviangalia viti. Hakuketi mtu. Baadaye mbuzi watatu walipita chini ya kamba na mmoja akakilamba kitambaa cha kochi.

Aliyenifumbua macho ni Mwalimu Jilo. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa Wema, kijijini kwetu, na ndiye aliyeongoza kikundi cha ngoma na maigizo ambacho nilikuwa nimekialika. Alikuwa mrefu, mwembamba, sauti yake nzito, na alikuwa na tabia ya kukwambia ukweli huku akitafuna kitu. Siku hiyo alikuwa akitafuna muwa.

"Hamesa," akaniambia, "umewapangia watu mkutano. Hapa kwetu viti vikikaa mistari, mtu anajua ni mambo mawili tu. Ama kuna hotuba, ama kuna mchango. Wewe ungekuja?"

Nikamwambia nisingekuja. Tukavirudisha viti kanisani kwa mkokoteni, na kikundi kikacheza ngoma yake pale pale kando ya mkokoteni, na watu kumi na tano wakasogea. Niliwahesabu kwa uchungu, lakini niliwahesabu.

Sasa mtaniuliza: ukiondoa viti, unaweka nini? Hamweki kitu. Mnatafuta mahali ambapo watu tayari wamekaa. Mimi jambo hilo lilinichukua miaka mitatu kuliona, na nililiona kwa sababu ya chai.

Asubuhi nilikuwa nikinywa chai kwenye hoteli moja karibu na soko. Kila siku nilipita mbele ya ghala refu la mawe, na kila siku, kwenye ukuta wake, walikuwa wameketi wanawake wa Kiorma, ishirini, thelathini, miguu wameinyoosha, mitandio imewafunika vizuri, wanazungumza. Nilijua ni wauza maziwa. Nilidhani wanauza. Siku moja nikamuuliza mwenye hoteli mbona maziwa hayaishi mpaka saa sita. Akacheka. Akasema maziwa yaliisha saa mbili, yote. Wale wanangoja madumu.

Kumbe ilikuwa hivi. Mama analeta maziwa kwa dumu lake. Mwenye hoteli hana chombo cha kuyamimina yote, kwa hiyo analiweka dumu jikoni na kuchota kadiri chai inavyonywewa. Dumu linarudi likiwa tupu, saa sita, pengine saa saba. Na mama hawezi kurudi nyumbani bila dumu, kwani kesho atalitia nini? Hivyo anakaa ukutani. Nilikuwa nimetafuta watazamaji kwa barua rasmi na mihuri, na kila asubuhi nilikuwa nikiwaruka miguu.

Juma lile lile nilihamishia maonyesho nyuma ya ghala, kwenye kiwanja kitupu cha umma, siku ya Alhamisi ambayo ni ya soko kubwa, kuanzia saa nne. Andikeni hili kwenye sera yenu kama lina nafasi: kivuli ni cha mtazamaji, jua ni la msanii. Asubuhi ukuta wa ghala ulimwaga kivuli upande wa magharibi. Akina mama walizunguka tu kona wakaketi humo, na wachezaji wakasimama juani wakiwatazama. Mwalimu Jilo alilalamika mwanzoni kwamba jua linampiga usoni. Nikamwambia ndiyo mshahara wake.

Wauza ndizi na maembe kutoka Wema nao wakaleta vikapu vyao pale, na wauza makuti wa Kigiriama wa upande wa Tarasaa wakafuata. Nataka mlielewe vizuri jambo hili. Yalikuwa majira mabaya. Mkulima na mfugaji walipishana barabarani bila salamu, na sokoni kila mmoja alikuwa na upande wake. Mimi mwenyewe ni Mpokomo, binti wa mkulima, na sikuwa na rafiki hata mmoja wa Kiorma, wala sikuona kasoro. Ukuta ule ndio ulikuwa mahali pekee mjini ambapo muuza ndizi na muuza maziwa waliegemea jiwe moja. Nilijivunia ukuta ule kuliko cheti changu.

Haya, sasa niwaambie kuhusu ndama.

Mwalimu Jilo alitunga igizo la ukame. Mzee mfugaji amebaki na ng'ombe mmoja, mwanawe anaumwa, na mzee anamkamua ng'ombe yule maziwa ya mwisho. Lilikuwa igizo la huzuni. Ng'ombe alikuwa vijana wawili chini ya blanketi la kahawia. Jilo mwenyewe alikuwa mzee. Alichuchumaa, akaweka kibuyu magotini, akaanza kukamua, na machozi yalikuwa yakimtoka kabisa, maana alijua kulia huyu. Uwanja ulinyamaza. Nikawaza moyoni, leo tumefika.

Ndipo sauti ikatoka ukutani.

"Ndama iko wapi?"

Jilo akaendelea kukamua.

"Wewe mzee! Mimi nauliza. Wewe nakamua ng'ombe, ndama iko wapi?"

Ilikuwa sauti ya mama mmoja aitwaye Halako, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi, mwenye bega pana na jino moja la fedha. Ukuta mzima ukaangua kicheko. Jilo akajaribu kujiokoa, akasema kwa sauti ya huzuni kwamba ndama amekufa kwa ukame.

"Imekufa? Basi leta ngozi yake!" akasema Halako. "Jaza majani ndani, weka mbele ya ng'ombe, ng'ombe nanusa, nafikiri mtoto wake iko, nashusha maziwa. Bila ndama, bila ngozi, hiyo nakamua nini? Nakamua blanketi!"

Vijana walio chini ya blanketi walikuwa wakicheka mpaka ng'ombe akakatika katikati. Igizo likafia hapo. Nilikasirika sana. Nilimfuata Halako na kitabu changu mkononi, nikamwambia kwa adabu yenye ukali, "Mama, igizo likiendelea mtu husubiri mpaka mwisho, ndiyo desturi." Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Na desturi ya ng'ombe?" Nikafunga kitabu changu, nikaenda zangu.

Alhamisi iliyofuata ukuta ulijaa mara mbili. Wale waliokuwapo walikuwa wamewaambia wenzao: njooni muone kama wale Wapokomo wamepata ndama. Na Jilo, Mungu amrehemu, alikuwa amekesha akitafakari. Alileta mfuko wa gunia uliojazwa majani, akauweka mbele ya ng'ombe wa blanketi. Ukuta ukasema "eeeh" kwa pamoja, na huzuni ya igizo ikawaingia hasa. Wakalia wauza maziwa na wauza ndizi. Mimi nililia pia, na hasira yangu ikaishia hapo.

Hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka mkiandike kwa wino mzito. Fomu zenu zina kisanduku cha idadi ya waliohudhuria. Kisanduku hicho hakiwaambii kitu, kwa sababu hata ajali ina watazamaji. Wekeni kisanduku cha waliorudi, kisha waulizeni wamerudia nini. Watu wa ukutani walirudi kwa sababu kuna jambo waliloliweka sawa wao wenyewe, na walitaka kuona limekaa.

Mengine madogo madogo nitayasema haraka. Lugha: pale ukutani Kiswahili kilikuwa cha kila mtu na hakikuwa cha mama wa yeyote, kwa hiyo sentensi ziwe fupi na jambo kubwa lisemwe kwa mikono pia. Hotuba za wageni ziwe mwisho, si mwanzo, na msiwaambie wageni kwa nini. Adhana ikitoka, ngoma inanyamaza hata kama mpigaji yuko kwenye utamu wake. Na mto ukifurika barabara ikakatika, msiahirishe. Waliokwama mjini hawana pa kwenda, na wanahitaji kucheka kuliko siku nyingine zote.

Turudi kwangu, maana nilikuwa nimepata siri ya kazi na siri hiyo ikanilevya.

Miezi ilipita, na Jilo, kwa kuwa alikuwa mwalimu, alijifunza. Aliuliza, alisahihisha, na maigizo yake ya wafugaji yakawa hayana dosari. Basi ukuta ukaanza kunyamaza. Akina mama walitazama vizuri, wakapiga makofi ya heshima, na Alhamisi nyingine wachache wakabaki mbele ya ghala wasizunguke kona. Nikaingiwa na hofu. Nikamwita Jilo, nikamwambia, "Mwalimu, kila igizo tuache kosa moja. Moja tu. Wao walirekebishe."

Hakupenda. Alikuwa akitafuna embe, akaacha kutafuna. "Nikikosea kwa kusudi, Hamesa, ni uongo huo."

"Ni igizo," nikamwambia. "Igizo lote ni uongo."

"Hapana," akasema. "Igizo nawaambia kwamba naigiza." Lakini nilikuwa mwenye barua na muhuri, akakubali.

Tukafanya hivyo karibu mwaka mzima. Mgeni anapewa chai kabla ya maji ya kunywa. Ukuta unapiga kelele. Mfugaji anashika fimbo kama jembe, kelele. Ili na Wapokomo nao wapate yao, tukaweka mvuvi anayesukuma mtumbwi kwa pondo akiwa amesimama upande usiofaa, na wauza ndizi wakainuka na vikapu vyao. Makosa niliyaandika kwenye daftari, Alhamisi kwa Alhamisi, nisije nikarudia. Na kosa la ndama, kwa kuwa lilipendwa zaidi, nililirudisha kila baada ya miezi michache: mkamuaji anasahau ndama na anasahau ngozi. Ukuta ulikuwa ukipasuka. Ripoti zangu za Hola ziling'aa.

Siku moja Halako alikuja uwanjani mapema, kabla ya mtu yeyote, amebeba kitu kilichofungwa kwenye kanga. Kilikuwa ngozi ya ndama. Ngozi ya kweli, imekaushwa, imelainishwa kwa samli, imeshonwa miguu na kujazwa majani makavu, kichwa kimekaa sawasawa. Aliitengeneza kwa mikono yake kambini, huko ng'ombe walikokuwa, akaja nayo mwendo wa siku nzima. Alimkabidhi Jilo.

"Ninyi nasahau kila saa," akamwambia. "Mimi naona huruma. Sasa hii kaa nayo, usisahau tena."

Jilo alishindwa kuipokea. Mimi nilikuwa nafungua kipaza sauti, nikaona mikono yake imekwama hewani. Akamwambia ukweli wote, pale pale, juani. Akamwambia tulikuwa tunakosea kwa kusudi ili waje.

Halako hakupiga kelele. Aliikunja kanga yake polepole, akaja mpaka niliposimama. Alijua ni mimi, Jilo hakuhitaji kunitaja.

"Mimi si ng'ombe," akaniambia, "uniwekee ngozi ninuse."

Akaondoka na ngozi yake. Wenzake walipofika aliwaambia, na asubuhi ile akina mama wote wa maziwa wakahamia ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la vyuma, wakangojea madumu huko kwenye joto la mabati. Baada ya majuma mawili wauza ndizi nao waliacha kuja, kwa sababu muuza ndizi hufuata watu. Kikundi kilicheza mbele ya ukuta mtupu. Nimepata aibu nyingi maishani, wanangu, lakini ile bado inanichoma nikiisimulia.

Na barua ikaja hapo hapo. Kamati ya viwanja ilikuwa imepata ombi la kuzungushia kiwanja kile ua kiwe maegesho ya malori. Wangekuja Alhamisi ya pili mwezi ule kuona kama kina matumizi. Wakikuta watu, kitabaki cha maonyesho. Wakikuta kitupu, ua unajengwa. Nilisoma barua ile nimesimama, halafu nikaisoma nimeketi. Sikuwa na hofu ya kazi yangu; mshahara ungekuja hata bila kiwanja. Niliogopa ukuta ule. Nilijua ua ukijengwa, muuza ndizi atarudi upande wake na muuza maziwa upande wake, na hakuna sera itakayowarudisha.

Nikavuka barabara. Halako alikuwa ameketi mwisho wa kibaraza. Nikaanza kumweleza maneno ya kazini: kwamba nia ilikuwa njema, kwamba lengo lilikuwa kuwavutia watazamaji, kwamba hata yeye alikuwa akifurahi. Aliniacha nimalize.

"Ng'ombe ikijua hiyo ngozi ni ngozi," akasema, "haishushi tena. Inapiga teke."

Ndipo nikaacha maneno ya kazini. Nikamwambia nimekosa, nimewachezea, na naona aibu. Nikamwambia na habari ya ua. Nilichuchumaa mbele yake. Aliyatazama malori yakipita.

"Wewe Hamesa," akasema mwishowe, "hakuna kitu hata moja hujui? Kweli hujui? Mpaka natengeneza makosa ya bandia?"

"Yapo mengi nisiyoyajua, mama."

"Taja."

Nikafikiri. Nikamwambia nimekunywa maziwa maisha yangu yote na sijawahi kumkamua ng'ombe. Nikamwambia tena, kwa sauti ya chini, kwamba nawaogopa. Utotoni ng'ombe aliingia shambani kwetu, nikatumwa kumfukuza, akanifukuza yeye.

Jino la fedha likaonekana. "Afisa ya utamaduni," akasema. "Alhamisi utakamua."

Sikulala vizuri juma lile. Alhamisi ya kamati ilipofika, Halako alikuja na ng'ombe, ng'ombe wa nyama na damu, mweusi, pembe zimekaa kama mikono iliyofunguliwa, na ndama wake akimfuata kwa kamba. Hakuleta ngozi. Akina mama wa ng'ambo walivuka barabara kuona kilicholetwa. Wauza ndizi wakaona wanavuka. Watu wa makuti wakaona wauza ndizi. Kabla ya saa nne kivuli chote kilikuwa kimejaa, na watu wengine wamesimama juani pamoja na wasanii.

Wanakamati watatu walishuka kwenye gari, nami nilikuwa nimewawekea viti vitatu. Mwalimu Jilo akatangaza kwa sauti yake nzito kwamba igizo ni lile la ukame, na kwamba mke wa mfugaji leo ataigizwa na Bi Hamesa, afisa wa utamaduni, ambaye hajui kukamua. "Hajui kweli," akasema. "Naapa."

Nilimsogelea ng'ombe. Nikamwachia ndama, kwa sababu hilo nililijua, na ndama akaanza kunyonya, na mimi nikasimama nikimtazama kwa furaha kama mgeni arusini. "Mtoe!" ukuta ukapiga kelele. "Namaliza maziwa!" Nikamvuta ndama, akanivuta yeye. Muuza makuti mmoja, mama mnene wa Tarasaa, akaja kunisaidia kumshika bila kuitwa. Nikachuchumaa. "Si upande huo, dada!" Nikazunguka. "Usipite nyuma, usipite nyuma!" Nilikuwa nimeshapita nyuma, na teke likanipata kwenye paja nikakaa chini kabisa na dumu langu lililokatwa mdomo likabingirika mpaka miguuni pa mwenyekiti wa kamati.

Yule mwenyekiti hakuwa tena kwenye kiti chake. Alikuwa ameinuka ili aone vizuri, na bibi mmoja wa ndizi, mfupi, alikuwa amepanda juu ya kiti hicho ili aone pia, na alikuwa akipiga kelele kuliko wote: "Mshike juu, Hamesa, juu! Bana kidole gumba!" Alikuwa Mpokomo, hajawahi kumiliki hata mbuzi. Alikuwa amejifunza kwa kusikiliza ukuta.

Nilirudi mara ya tatu. Nikafuata sauti zao, moja moja, upande, kichwa nikiweke ubavuni, vidole, kubana kutoka juu. Maziwa yakatoka. Uzi mwembamba tu, ukagonga kitako cha dumu na kulia, na kila mtu uwanjani akausikia. Kisha vigelegele vikapanda, vya Kiorma, vya Kipokomo, vya Kigiriama, nami sikuweza kusimama kwa sababu paja lilikuwa limekufa ganzi.

Halako alikuja akanishika mkono, akaniinua. "Hiyo," akasema, "ni kosa ya kweli."

Mwenyekiti alinifuata baadaye na fomu yake. Aliuliza kikazi kabisa: watazamaji walikuwa wangapi? Nikamwambia, mheshimiwa, sikuwahesabu, nilikuwa chini ya ng'ombe. Akaandika kitu, sikuuliza nini. Ua haukujengwa. Kiwanja mnakijua, ndicho hicho mnachotaka sasa kukiwekea viti, na ndiyo maana nimeanzia kwenye viti.

Siku hizi niko Wema, nalima ndizi zangu, na Alhamisi nazipeleka Garsen. Halako amezeeka, mjukuu wake ndiye anayeleta maziwa, lakini yeye huja kukaa ukutani. Mimi huketi karibu naye. Kikundi cha sasa kinaongozwa na Kadzo, binti mchangamfu wa Tarasaa mwenye simu mbili. Mwezi uliopita walicheza igizo la ofisi za zamani, na ndani yake kulikuwa na afisa wa utamaduni. Msichana aliyemwigiza alitoka akiwa ameshika faili kwa ncha za vidole, mkono mmoja, linaning'inia kama samaki. Kisha akachukua muhuri akaugonga mkavu kwenye karatasi, tap.

Sijui niliinuka saa ngapi. Nilijikuta nimesimama, ndizi zimetawanyika, napiga kelele: "Si hivyo! Faili hubanwa kwapani! Na muhuri hupumuliwa kwanza, haa, ndipo unagonga!" Uwanja mzima ukanigeukia na kucheka. Halako alinivuta kanga nikae. Alikuwa akicheka mpaka anafuta macho.

Walipomaliza nilimwendea Kadzo. Nilimshika bega, nikamwuliza kwa ukali, maana nilihitaji kujua. "Mwanangu, niambie ukweli. Kosa lile mliliacha kusudi?"

Alishangaa, akatikisa kichwa kukataa. "Zii, mathe. Kusema ukweli hatukujua. Sisi kila kitu kiko kwa simu, hizo faili tumezisikia tu." Akamwita yule msichana na faili lake. "Si utuonyeshe?"

Nikawaonyesha. Nililibana kwapani, nikatembea kutoka ukutani mpaka katikati ya kiwanja, nikapumulia muhuri, nikagonga.

Alhamisi iliyofuata sikuwa na ndizi za kuuza. Nilikwenda Garsen vivyo hivyo, nikaketi ukutani mapema, kabla wauza maziwa hawajazunguka kona, nikingoja kuona kama wamelishika faili vizuri.